Kombora, roketi, bomu na mzinga ni kitu kimoja au vinne? Kesi iko mezani hapa Chikongola

Banda_Chikongola:

Wakuu habari za saa hizi, na wakubwa zangu shikamooni. Mie nina banda la kuonyesha mpira hapa Mtwara mjini, Chikongola, wenyewe mnaita kibanda umiza ingawa langu lina feni mbili na viti vya plastiki kwa hiyo maumivu yamepungua kidogo. Sasa kabla mechi haijaanza huwa nawasha taarifa ya habari ili watu wakae mapema wanunue soda, na siku hizi taarifa ya habari ni vita mwanzo mwisho, mara Ukraine mara Mashariki ya Kati, na mtangazaji anayamwaga tu, kombora la balistiki, roketi, mizinga, droni, brigedi sijui ya ngapi, na mie ndo nimegeuzwa mkalimani kisa nilifika fomu siksi.

Juzi ukazuka ubishi. Kuna babu mmoja mteja wangu wa kudumu alipigana vita vya Kagera, na kuna mzee mwingine mvuvi wa Msangamkuu. Mvuvi akasema hayo yote ni mabomu, kitu kikianguka kikasema puu ni bomu, mengine mbwembwe za watangazaji. Babu akasimama kabisa, na huyu mtu akikaa huwa hasimami mpaka mapumziko, akamwambia roketi ni roketi, kombora ni kombora, mzinga ni mzinga, na wewe ungekuwa na sie kule ungejua. Mvuvi akamwambia haya nieleze tofauti, babu akaeleza lakini kwa mikono zaidi kuliko maneno, mara anaonyesha juu mara anaonyesha mbele, watu tukabaki tunamwangalia. Basi wamewekeana. Mvuvi akishindwa analeta nguru mzima, babu akishindwa anatoa kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, na mwamuzi mie, Jumamosi kabla ya mechi. Naombeni mnisaidie, nisije nikapoteza wateja wawili kwa mpigo.

Kahawa_Chungu:

Mie sijui chochote, nimevuta kiti tu, kashata hizi hapa. Ila huyo nguru akipatikana tuambie ana kilo ngapi.

Mstaafu_Naliendele:

Marahaba kijana. Nimelitumikia jeshi miaka mingi upande wa mizinga, sasa hivi nalima mikorosho na nusu ya masikio nimeyaacha kazini, kwa hiyo nikiandika kwa kelele uniwie radhi.

Mwambie mvuvi aulize maswali mawili tu, kitu hicho kimesukumwa na nini, na kikishaondoka nani kashika usukani. Mzinga ni bomba la chuma, unatia risasi yake kubwa, baruti inawaka nyuma, risasi inatoka mbele, na nguvu yote imeishia mle mle ndani ya bomba, kuanzia hapo inaruka kama jiwe lililotupwa. Mzinga wenyewe hauendi popote, umechimbiwa pale unatikisika tu. Nawashangaa watangazaji wanaosema mzinga umeangukia nyumba ya mtu, mzinga ukiangukia nyumba basi mliubeba na winchi mkauachia! Kilichoanguka ni risasi yake. Mota ni mdogo wake mzinga, mtutu mfupi umesimama karibu wima, inapiga juu sana ili ishukie nyuma ya kilima au ndani ya handaki.

Roketi yenyewe inabeba moto wake mkiani, inajisukuma. Haihitaji bomba nene, kibomba chembamba cha kuielekeza kinatosha, ndo maana unaweza kupanga arobaini juu ya lori moja. Hiyo ndo BM-21 ya Mrusi, vibomba 40, roketi upana wake milimita 122, zote zinaweza kutoka ndani ya sekunde kama 20 na zinafika kilomita 20 hivi. Kwenye vita ya 1978 na 1979 Waganda wakaipa jina saba saba, na huyo babu yako lazima anaijua. Ukiipaki pale uwanja wa Nangwanda inaipita Mikindani inaendelea zake. Lakini haina akili. Ukishaifyatua hakuna wa kuiita irudi wala wa kuipindisha, ndo maana zinapigwa nyingi kwa pamoja, kwa sababu hulengi mtu, unalenga eneo.

Kombora kwa matumizi ya leo ni roketi iliyopewa akili, au kidege kilichopewa akili, maana ndani yake kuna chombo kinachojua inakotakiwa kwenda na kinachoisahihisha njiani. Bomu ni jina la jumla la kitu cha kulipuka, na kwa watu wa anga bomu ni lile ambalo ndege inaliachia tu, halina injini, linashuka. Hata lile la polisi la machozi mnaliita bomu na halibomoi hata banda la kuku.

Babu yuko sahihi, mvuvi alete nguru.

Banda_Chikongola:

Mzee wangu ahsante sana, hapa nimepata pa kushika. Ila nitaulizwa la balistiki, najijua. Kwanini wanasema kombora la balistiki na mara wanasema kombora la kruzi, si yote yana akili?

Ticha_Masasi:

Hapo mkuu umeingia darasani kwangu, nafundisha fizikia sekondari na hili swali wanafunzi wananiuliza kila zikitoka habari za vita.

Chukua manati. Ukivuta mpira ukaachia, jiwe linapata nguvu yake yote pale mwanzo, baada ya hapo ni dunia inalivuta tu, linapanda, linapinda, linashuka juu ya embe au juu ya bati la jirani. Kombora la balistiki ni manati ya namna hiyo. Injini inawaka dakika chache za mwanzo, inalipeleka juu sana, lile la masafa marefu linatoka hata nje ya hewa kabisa, injini inazima, na safari yote iliyobaki ni kupinda na kushuka. Akili yake kubwa inatumika mwanzoni, kuhakikisha limeachiwa kwa kasi sahihi na upande sahihi. La kruzi ni kama ndege ndogo, lina mabawa, injini inanguruma njia nzima, linaruka chini chini likikwepa rada na linaweza kukata kona.

Mfano mzuri ni Mjerumani mwaka 1944 alipokuwa anaipiga London. Alianza mwezi wa Juni na V-1, hiyo ndo baba wa kruzi, ilikuwa inakwenda kama kilomita 640 kwa saa na ina mlio kama pikipiki bovu. Watu walikuwa wanausikiliza ule mlio, ukiendelea kulia ujue inapita, ukikatika ghafla ujue inashuka, kwa hiyo kilichotisha ni kimya. Ndege za Uingereza zilikuwa zinaikimbiza na kuidungua. Mwezi wa Septemba akaleta V-2, kombora la kwanza la balistiki kutumika vitani, likifika umbali wa kilomita 320 hivi, na linashuka kwa kasi ya zaidi ya mara mbili ya sauti. Maana yake nini? Maana yake linalipuka kwanza, halafu mlio wa kuja kwake ndo unafuata. Yaani mtaa umeshabomoka halafu ndo unausikia ule mvumo angani wa kitu ambacho tayari kimeshafika. Hakukuwa na cha kukimbia wala cha kudungua.

Halafu haya ya balistiki wanayapanga kwa masafa. Chini ya kilomita 1,000 ni masafa mafupi, 1,000 hadi 3,000 ya kati, kutoka hapo hadi 5,500 ni ya kati marefu, likizidi 5,500 ndo wanaita la kuvuka mabara. Nimeshawapimisha wanafunzi kwenye ramani. Ukilirusha kutoka Mtwara hilo la masafa mafupi Dar linafika bila shida maana kwa anga ni kama kilomita 400 tu, lakini Nairobi halifiki. La kuvuka mabara linaipita Misri yote na bahari yake. Kuna mtoto akauliza mwalimu sasa kwanini la kilomita 900 linaitwa fupi wakati basi la Dar linatuchukua siku nzima. Sikuwa na jibu la maana nikamwambia waliopanga majina hawapandi basi.

Na ile sehemu ya mbele inayobeba mlipuko inaitwa kichwa cha kombora. Ukisikia kichwa cha nyuklia ndo hicho, kombora ni gari tu, kichwa ndo mzigo.

Kahawa_Chungu:

"Waliopanga majina hawapandi basi" hahahaha ticha bwana

Bi_Mitwero:

Mimi naandikia Lindi. Msimcheke sana huyo mvuvi. Kwa watu wa pwani yetu neno bomu halikuja na taarifa ya habari, lilikuja na samaki. Tukiwa wadogo ukiwa ufukweni unasikia dum kule nje, wakubwa wanasema wanapiga bomu hao, unasubiri kidogo unaona ngalawa zinakimbilia mahali pamoja. Chupa, baruti, utambi, hicho ndo bomu tunachokijua. Kaka yangu mkubwa utambi ulimuwahi, mkono wa kulia unaishia hapa kwenye kifundo, mpaka leo nyavu anafunga kwa meno. Kwa hiyo mzee wa Msangamkuu akisema kikisema puu ni bomu, hatanii, anasema alichokiona. Matumbawe yalikufa, changu wakahama, na hakuna aliyekuwa anauliza kama ni kombora.

Mstaafu_Naliendele:

Bi Mitwero pole sana kwa kaka. Nimesoma mara mbili.

Kilwa_Kisiwani:

Naomba nami nitie mkono, na naona nitamharibia mzee mstaafu hesabu zake za nguru.

Hivi mnajua kwamba neno kombora ni la zamani kuliko hayo makombora yenyewe? Fungueni kamusi za zamani, zile za wakati wa mkoloni, kombora maana yake ni risasi kubwa ya kulipuka inayotoka kwenye mzinga. Yaani kile kile mzee anachosema siyo kombora. Hayo ya leo yenye akili yalipokuja tukalichukua neno la babu zetu tukalivisha kazi mpya. Kwa hiyo mtu mzima wa pwani akiita kombora kila kitu kinachoruka na kulipuka, hajakosea, anatumia Kiswahili cha zamani. Na mzinga nao ulikuwa mzinga wa nyuki kabla haujawa wa kupigia saluti ya 21.

Maneno ya jeshi kwetu ni kama jahazi lililopita bandari zote. Manowari kaileta Mwingereza na jina lake, akina babu wakalitamka walivyolisikia. Handaki la Waarabu. Afande ni Mturuki, na alikuja na watu: Wissmann mwaka 1889 alipokusanya askari wa kuja kuipiga pwani yetu alichukua Wasudani wengi kutoka Misri, na wale walizoea vyeo vya Kituruki, ndo maana askari wa Mjerumani hapa walikuwa na ombasha na shaushi, kwa leo ni kama koplo na sajenti. Vyeo vimekufa, afande kabaki, mpaka mgambo wa soko anaitwa afande. Keya, kama mna babu aliyekuwa Keya, ni zile herufi za jeshi la Mwingereza la Afrika, K.A.R., zikatamkwa haraka haraka.

Na kuna mnadhimu, hili nalipenda mno. Mnadhimu Mkuu ndo wa pili jeshini kwetu baada ya Mkuu wa Majeshi, kazi yake ni kupanga, nani aende wapi na chakula kitoke wapi. Asili moja na nidhamu, na asili hiyo hiyo ndo tunanudhumu mashairi. Mtu anayepanga vina na mtu anayepanga vikosi, kwa Kiswahili ni kazi moja. Kifaru nacho angalieni, Waingereza mwaka 1916 walipotengeneza lile dude walidanganya kuwa ni matangi ya maji ili adui asijue, uongo ukabaki jina dunia nzima, tank tank, sisi tukatazama tukasema hiki kifaru. Nani kataja vizuri?

Mjukuu_Newala:

Wakubwa samahani nadandia gari kwa mbele, mie mwezi ujao naenda JKT kwa mujibu wa sheria, nimepangiwa 843 KJ Nachingwea, sasa hiyo KJ ni nini na hizi kombania platuni brigedi ni kipi kikubwa, nisije nikachekwa siku ya kwanza

Mstaafu_Naliendele:

Utachekwa tu mwanangu, kila kuruta anachekwa siku ya kwanza, jiandae kisaikolojia.

KJ ni Kikosi cha Jeshi, na ile namba ndo jina lake. Watu wa kusini tunasema "yuko Nachingwea" inatosha. Na ujue unakokwenda, Nachingwea ndo FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo wakati wanampiga Mreno, vita yao ilianza Septemba 1964 huko Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma.

Sasa ukubwa. Seksheni ni watu kama kumi, unawajua wote na anayekoroma unamjua. Platuni ni seksheni tatu hivi, thelathini na kitu, anaiongoza luteni mbichi ambaye sajenti wake anamfundisha kazi kwa heshima. Kombania inapita mia, kapteni au meja. Batalioni mia sita, mia nane, iko kwa luteni kanali. Brigedi inakusanya batalioni kadhaa, elfu tatu na kuendelea, divisheni kumi elfu. Namba zinapanda na kushuka kila nchi na kila zama, lakini ngazi ndo hizo. Kwa hiyo mtangazaji akisema brigedi nzima imezingirwa ujue ni habari kubwa, akisema platuni imezingirwa ujue ni basi moja la watu.

Shida iko kwenye neno kikosi. Jeshini kikosi ni kitu maalumu, kina namba, kina mkuu wa kikosi, kina bendera. Redioni kikosi ni watu wowote wenye silaha. Na kwenye banda la Chikongola kikosi ni watu kumi na moja na kocha wa kulaumiwa.

Jambo la mwisho, usiseme SMG ovyo mbele ya mkufunzi anayejali. Hapa nchini mpaka taarifa za polisi zinaiita AK-47 kuwa ni SMG, tumezoea. Lakini herufi zile maana yake ni bunduki ndogo ya rashasha inayotumia risasi za bastola, na AK inakula risasi ya milimita 7.62 ambayo siyo ya bastola hata kidogo. Ukiambiwa shika SMG wewe shika ulichopewa usianze ubishi.

Mjukuu_Newala:

Ahsante babu, nimeandika kwenye daftari. La kukoroma ndo linanitia wasiwasi

Msoma_Habari:

Naomba nikiri dhambi. Nimesoma habari redioni miaka kadhaa huku kusini, siitaji ni wapi, na habari nyingi za vita tunazipata kwa Kiingereza tunatafsiri mbio mbio dakika kumi kabla ya kwenda hewani. Neno lililonitesa ni majeruhi. Wenzetu wana neno moja la kijeshi linalobeba waliokufa, waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa, wote ambao kamanda hawezi kuwatumia kesho asubuhi. Sie tukiliona kalamu inaandika majeruhi. Basi wakifa mia na kuumia mia mbili, mimi nilikuwa nasoma majeruhi mia tatu, na nyumbani watu wanasema alhamdulillah hakufa mtu. Nimelisoma hivyo mara nyingi mpaka siku moja mzee mmoja akapiga simu studio akaniuliza kwa upole, mwanangu, hao majeruhi wa jana wamezikwa wapi, maana nimewaona kwenye televisheni wakiwa kwenye masanduku.

Siku hizi nasema waliokufa na kujeruhiwa, refu lakini linasema kweli. Kuna na hili la kusitisha mapigano, watu wanalisikia wanadhani vita imekwisha. Kusitisha mapigano ni kunyamazisha bunduki tu, kila mtu anabaki kwenye handaki lake na kidole karibu na kifyatulio, mkataba wa amani ni habari nyingine na unaweza usije kabisa. Korea walisimamisha mapigano Julai 1953 na mkataba wa amani mpaka leo haujasainiwa.

Mwana_Nyangao:

Nimechelewa kwenye uzi ila niongeze maneno mawili ambayo yananichoma zaidi kuliko hayo makombora, mbinu na mkakati. Kila kiongozi akisimama anasema tuna mikakati na mbinu, yanasemwa kama chumvi na pilipili. Jeshini ni vitu viwili na ukivichanganya unakufa.

Mimi kwetu ni Nyangao, na hapo jirani ndo Mahiwa, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi. Wengi mnapita na basi mmelala. Oktoba 1917, tarehe 15 mpaka 18, hapo ndo palikuwa na moja ya mapigano mabaya kuliko yote ya vita ya kwanza ya dunia kwenye ardhi yetu. Mjerumani Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,500, wengi wao askari Waafrika, na upande wa Mwingereza karibu 5,000, humo mna Wanaijeria na Keya. Mwingereza akaja uso kwa uso, akarudia, akarudia tena, na wenzake wameshajichimbia wanamsubiri na bunduki za rashasha. Upande wa Mwingereza ukapoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na kujeruhiwa (naona nimeshajifunza kwa Msoma_Habari), Mjerumani kama 500 hivi. Marehemu babu alikuwa akilima akikuta ganda la risasi analiweka juu ya dari hasemi kitu.

Sasa nani alishinda? Kwa mbinu, yaani namna ya kupigana pale pale uwanjani siku ile, nani ajifiche wapi nani apige saa ngapi, Mjerumani alishinda na hakuna ubishi. Kwa mkakati, yaani hesabu ya vita nzima, alikuwa amekwisha. Mwingereza aliyepoteza elfu mbili angeletewa wengine kwa meli hapo bandari ya Lindi. Lettow aliyepoteza mia tano hakuwa na pa kuwapata, na risasi alizozimaliza Mahiwa hakuna meli ya kumletea nyingine. Mwezi uliofuata akaacha wagonjwa na majeruhi wake huku kwenye nyanda za Makonde, akavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 pale Ngomano, akawapiga Wareno akachukua bunduki zao na risasi zao ili aendelee kuishi. Hivyo hivyo akizunguka mpaka Novemba 1918, akasalimu amri Abercorn, siku hizi ni Mbala ya Zambia, vita yenyewe ilishakwisha Ulaya wiki mbili kabla.

Na wapagazi waliokuwa wanabeba hiyo mizigo yote msituni hawakuwa na cheo chochote. Kambi yao Dar ndo leo mnakwenda kununua vitenge, Kariakoo.

Ticha_Masasi:

Mwana Nyangao hii nakwenda kuitumia darasani Jumatatu, mwenzangu wa historia ataniona mwizi. Nimepita hapo Mahiwa zaidi ya mara mia na kweli huwa nalala.

Kahawa_Chungu:

Jumamosi imepita jamani. Mwamuzi yuko wapi?

Banda_Chikongola:

Nipo wakuu, nilikuwa napiga deki banda. Jumamosi watu walijaa kabla hata ya habari, nimeuza soda kama siku ya Simba na Yanga. Nikasimama mbele ya skrini na simu mkononi nikawasomea, kwanza la mzee mstaafu, neno kwa neno, babu anatikisa kichwa kila mstari. Nikafika pale pa vibomba arobaini na saba saba, banda zima likageuka kumwangalia yeye.

Akakaa kimya kidogo halafu akasema hivi, zile zikitoka unazisikia mpaka kwenye meno, ardhi inatetemeka, vumbi huoni mwenzako. Lakini sie tulikuwa tunazisikia zikiondoka tu. Kufika kwake hatukuwahi kukusikia, kulikuwa mbali. Hakuongeza neno na mie sikujua niseme nini, nikaendelea kusoma.

Nikasoma la Kilwa, kwamba kombora zamani ndo ilikuwa risasi ya mzinga. Hapo mvuvi akaruka, mmeona, mmeona, vitu viwili tayari vimekuwa kimoja, bado viwili! Kelele mpaka wa duka la jirani akaja kuchungulia. Nikasoma na la Bi Mitwero, mvuvi akakaa chini, akasema huyo mama anasema kweli, na mimi ninao wawili kijijini kwangu wa hivyo hivyo.

Hukumu yangu: babu kashinda kwa Kiswahili cha leo, mvuvi kapata nusu kwa Kiswahili cha kale, kwa hiyo nguru aje na korosho zije lakini kilo moja, tule wote. Wakakubali, ingawa mvuvi alitaka kukata rufaa. Nguru wa kilo nne na nusu, Kahawa_Chungu uliuliza. Mke wangu kampika na nazi pale nyuma wakati wa kipindi cha pili, mechi yenyewe ikaisha sare hakuna aliyeangalia. Babu tulipompa sahani akaikataa minofu, akataka kichwa. Akasema ticha wa Masasi kaandika mwenyewe, kichwa ndo mzigo, hayo mengine gari tu.